Malindi Ipi? Khati za Babu na Safari Niliyopotea

Juzi dada mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Kaka, nina mkoba wa barua za marehemu babu, zote kwa khati za Kiarabu. Nataka kuijua nasaba yetu. Nianzie wapi?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta bado naandika alfajiri yaadhiniwa, maana swali lake lilinigusa pabaya. Mimi nilianza vibaya, na kuna watu wa ukoo wangu ambao hadi leo salamu zangu huziitikia nusu nusu.

Barua zetu nilizipata kwa bahati. Nyumba ya babu, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, iliuzwa. Sikuulizwa, na aliyeuza anajijua. Siku ya kuhamisha nilifika mlangoni nikamkuta punda ashapakiwa, shogi limejaa pande zote mbili chokaa iliyobomoka na makaratasi, vinakwenda kutupwa. Juu ya upande wa kushoto nikaona kibweta cha babu, kifuniko hakipo. Nilimshika punda hatamu mpaka mwenyewe akanikasirikia. Ndani mlikuwa na barua 43. Nyingine mchwa walizipenya zikiwa zimekunjwa, kwa hiyo ukizikunjua unakuta matundu yamepangana sawasawa huku na huku, kama vitobo vya kofia.

Hapo kiburi kikaniingia. Chuo cha Kurani nilisoma, khati naijua, basi sikumshirikisha mtu. Nilikaa nazo usiku kwa usiku, na kosa la kwanza nikalifanya kabla ya kusoma hata waraka mmoja: bahasha nilizitenga, stempu nikazibandua kwa maji moto nikampa mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa akizikusanya. Nilijiona mjomba mwema. Karatasi zenyewe nikazipanga vizuri kwenye faili, kana kwamba bahasha ni ganda la ndizi.

Waraka ulionitia wazimu ulikuwa wa ukurasa mmoja, umeandikwa "Malindi, Mfungo Nane, 1363", mwaka wa Hijria. Unaanza kwa salamu ndefu kwa "baba yangu mpenzi", na chini umetiwa saini na mtu anayejiita "mwanao". Jina lake hatunalo kabisa katika watoto wa babu. Nikasema haya, babu alikuwa na mtoto Malindi tuliyefichwa. Siku ya Idi pili, watu wamemaliza kula, nikasimama na shajara ya ukoo niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa nikaitundika ukutani, kijana wa Malindi yuko pale na mstari wake mwekundu. Baba mkubwa aliitazama, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Mbele ya shangazi zangu nilikuwa nimemzulia marehemu mke.

Sikukoma. Nilivuka Mokowe, nikapanda basi hadi Malindi kutafuta ushahidi. Siku tatu nikizunguka mji wa kale, kule Shela yao (nao wana Shela kama sisi), nauliza wazee baada ya swala. Watu wema, kahawa nilikunywa hadi nikakosa usingizi, lakini hakuna aliyelijua jina lile. Nilirudi na nauli imekwisha na hasira nyingi. Niliwalaumu hata wale wazee, eti wanaficha.

Aliyenitoa gizani ni Bi Mkubwa, shangazi yake baba, umri umepita tisini, macho hayaoni tena. Nilikwenda kumjulia hali tu. Akaniambia, "Nisomea huo waraka uliotutilia fitina." Nikamsomea, na kama kawaida yangu nilipofika kwenye salamu za mwisho nikaziruka, maana ni orodha ya majina tu. Akanishika mkono.

"Mbona weye wasoma khabari, salamu huzisomi?"

Nikarudi. "Nisalimia watu wa nyumbani kwako Mkomani, na mamangu aliyeko Matondoni kwa khaloo, umwambie nguo alizozitaka nimempa nahodha." Bi Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. Huyo mama wa Matondoni alimjua. Alikuwa mjane wa nduguye babu, aliyerudi kwao baada ya eda, na mwanawe akalelewa na babu. Kijana kumwita babu baba, angemwita nani? Na mimi ninayeandika haya, baba mdogo wangu namwita "baba" kila siku ya Mungu. Lugha yangu mwenyewe, nikaisoma kama mgeni aliyeshuka juzi na ndege ya Manda.

Kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi kabla ya kupanda basi: "Malindi ipi?"

Maana iko Malindi yetu, na iko Malindi mtaa wa Unguja mjini, karibu na bandari, mahali mabaharia wa Lamu walipokuwa wakifikia. Nilikimbia kwa dadangu. Mpwa wangu sasa ana ndevu, lakini albamu yake anayo. Tukaifungua. Stempu za barua zetu alizibandika pamoja, na katikati ya Mfalme George wa Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwepo sita za Sultani Khalifa bin Harub na kilemba chake. Sultani yule alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, kwa hiyo sura yake peke yake haikupi mwaka, lakini mahali inakupa papo hapo: barua imetoka Unguja. Ningeiacha stempu kwenye bahasha, na bahasha pamoja na waraka wake, nauli ya Malindi ingebaki mfukoni na baba mkubwa angebaki mezani.

Basi dada yangu wa Kisauni, na wengine wenye mikoba chini ya vitanda, nisikilizeni. Usitenge kitu. Piga picha mbele, nyuma na bahasha, kabla hujakunjua kwa nguvu. Selotepu usiiguse, gundi yake itakula wino.

Tarehe nazo zina mitego. Mfungo Nane niliuhesabu kuwa mwezi wa nane wa Kiislamu, Shaabani, nikapata mwisho wa Julai na Agosti 1944. Sivyo. Sisi mifungo twaihesabu tangu Ramadhani iishe, kwa hiyo Mfungo Mosi ni Shawali na Mfungo Nane ni Jumada ya kwanza, yaani mwisho wa Aprili na Mei mwaka ule. Na waraka wenyewe ulikuwa ukiniambia, "kusi ndiyo kwanza laanza, nahodha ataka kupanda." Julai kusi, upepo wa kusini, halianzi, limeshika zamani. Barua isiyo na tarehe itazame fedha zake: rupia Kenya iliondoka 1920, Unguja ikabaki hadi 1936, ingawa wazee waliendelea kulitaja jina lake baadaye, kwa hiyo usiape.

Na khati isome kwa sauti. Wengi wa waandishi wetu hawakutia alama ya kutofautisha p na b, wala e na i. Mwezi mzima niliamini kwamba shangazi mmoja "amekwenda bati", nikadhani ni mambo ya mabati ya paa. Alikwenda Pate, kisiwa jirani. Kuolewa.

Lakini la juu ya yote ni wazee, hasa bibi zetu. Wanawake katika barua hizi hawatajwi majina, ni "watu wa nyumbani" tu, na wanaoyajua majina yao tunawazika kila mwaka huku tukisema tutakuja Jumamosi. Vijana twajisifu kwa ukoo mkubwa, ukimuuliza mtu jina la bibi mzaa bibi yake anatazama simu! Nami nilikuwa hivyohivyo, sijitoi.

Kusi lililopita nilikwenda Unguja. Watoto wa yule kijana wako, wamehama Malindi siku nyingi, na nyumbani kwao, ndani ya mkebe wa biskuti, wana barua 11 za babu. Ni majibu. Sikuwahi kufikiri kwamba kibweta chetu ni nusu tu ya mazungumzo, na nusu ya pili inakaa kwa aliyeandikiwa. Wa kwanza niliokunjua ni wa Mfungo Tisa 1363, na mstari wa tatu babu anasema: nguo zimefika Matondoni, mamako amezipenda, ila ile ya zambarau imeingia maji ya chumvi.

Nakala yake nilimpelekea baba mkubwa. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimekula.

Stempu mpwa wangu amekataa kunirudishia. Anasema nilimpa.