Fundi Kompyuta Anajibu: Video Inagoma Kwenye GB 4

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga video za harusi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta ya kuhariri ina Windows, ya kuhifadhia ina Ubuntu. Diski ya nje imechomekwa huko, folda nimeishea kwa Samba, ile programu ya kushea mafaili kwenye mtandao. Mafaili madogo yanapita, ila video ya send-off ya GB 11 inakwenda weee, ikifika GB 4 inakata. Nimebadilisha waya, nimezima antivairasi, wapi!

JIBU: Marahaba mwanangu. Umejijibu mwenyewe. Waya mbovu hauchagui pa kukatia. Kinachokata palepale kila siku ni ukomo. Naona diski yako imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani usiopokea faili moja la GB 4 au zaidi, hata diski iwe na nafasi ya kumwaga Fuso zima la viazi vya Uyole. Samba unaisingizia bure. Kwenye Ubuntu fungua terminal, andika lsblk -f. Ukiona vfat, ndiyo hiyo.

Hamisha vilivyomo kwanza, kisha iformati. Kwanza, nasema! Mimi niliwahi kufuta picha za kipaimara cha binti yangu, mama yake hajasahau. Ikiwa diski haihami, weka ext4, mpangilio wa Ubuntu wenyewe, umpe mtumiaji wa Samba ruhusa ya kuandika. Windows haitajali, yenyewe inaongea na Samba tu. Kama unaichomoa kwenda nayo kwa wateja, weka exFAT, inayosomeka Windows na Ubuntu bila ukomo huo wa GB 4.

Na swichi yako ya mtandao ikiwa ya megabiti 100, haivuki MB 12 kwa sekunde. GB 11 ni kama robo saa. Kanywe chai.