Kabla Hujamlipa Mtu Akupeleke Kuvua Ziwa Jipe

Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, na mshipi wa kuvulia niliushika kabla ya kalamu. Maji makubwa ya bamvua na maji mafu, pepo za kusi na kaskazi, hayo sikufundishwa darasani. Kwa hivyo marafiki waliponiambia twende tukavue Ziwa Jipe, kule Taveta, niliona kutafuta mwenyeji wa maana ni kutupa pesa. Ziwa lina nini? Maji yake hayajai wala hayapwi kama ya bahari.

Nikampigia simu kijana mmoja, namba nilipewa na dereva wa matatu pale Voi. Nikamuuliza twaweza kutoka saa ngapi. "Saa yoyote mnayotaka, bosi." Nikafurahi. Jibu lile lingetosha kumkataa, lau ningejua.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Mtumbwi ulikuwa wavuja, maji ya ngama yametufika vifundoni, na cha kukumbia maji ni dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa shingo. Jaketi za kuokolea maisha hazikuweko. Tukaingia baina ya matete, kijia chembamba kama uchochoro wa kwetu. Mara matete ya kushoto yakalala, yakavunjika, na kitu kikashuka majini kwa kishindo kilichoturushia maji hadi usoni. Kiboko. Usiku hula majani nchi kavu, alfajiri ndipo arudipo majini, na ukimkalia njia humwambii samahani. Kijana wetu aliacha kafi akawa asoma dua. Tulirudi bila hata perege mmoja, na yeye nilishamlipa pesa zote kwa M-Pesa siku mbili kabla.

Safari ya pili sikupiga simu. Nilifika mchana, nikakaa ufuoni, nikanunua samaki kidogo na kuanza kuuliza. Wanaopara samaki ndio wa kuulizwa, kwa sababu wao humwona kila mtu akitoka na akirudi, na hawana fungu katika safari yako. Niliuliza wawili, kila mmoja kando. Wote walinitajia mzee mmoja.

Swali langu kwake lilikuwa moja: "Mzee, siku gani hutoki?"

Akacheka, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Jua halijapanda, hatoki. Upepo ukianza kulaza matete, hatoki. Akiona kiboko ana mtoto kwenye kijia fulani, kijia hicho hakipiti mpaka wahame. Mamba wanalala wapi alinionyesha kwa kidole. Mtu ambaye kila siku kwake ni sawa, mwache akauze samaki.

Jambo jingine la Jipe ni mpaka. Kenya na Tanzania zimeligawana ziwa, na majini hakuna ukuta. Ukivuka ukivua utajieleza kwa watu wasiokujua. Muulize mwenyeji ajuaje alipofika. Mzee wangu alinionyesha kilele cha milima ya Pare na mti mmoja mkavu: vikikaa hivi, tugeuze. Hapo moyo ulitulia, kwani ni vile vile manahodha wetu wanavyoupata mwamba baharini, kwa mnara wa msikiti na mnazi.

Leseni yake ya kuvua omba uione. Na ikiwa mwataka kutokea upande ulio ndani ya mbuga ya Tsavo West, kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni juu yenu, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si kwa mtu ufuoni.

Kuhusu malipo, nusu kabla na nusu mkirudi, na mtaje mapema samaki ni wa nani. Sisi pwani twajua chombo kina fungu lake na mabaharia wana lao. Mimi nilidhani nimekodi mtu, basi samaki wote ni wangu. Mzee alidhani nusu ni yake. Tulibishana juu ya kambare watatu kama watoto. Ningesema tangu mwanzo, nisingeaibika.

Ukienda kwingine maswali hubadilika kidogo. Naivasha, kwa mfano, jina lenyewe latokana na Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka. Huko asubuhi huweza kuwa shwari na mchana upepo ukageuza kila kitu, na viboko wapo pia. Anayekuambia mtoke saa nane mchana, muulize mtarudi vipi.

Siku hizi nikienda Jipe humbebea mzee halwa, na ndoana ndogo ndogo za kutosha. Zile nilizokwenda nazo mara ya kwanza kwake, za kuvulia tewa, samaki mkubwa wa baharini, alizitandaza kiganjani akazitazama kwa muda. "Kijana," akaniuliza, "kumbe ulikuja kumvua yule kiboko?"