Maswali ya Mbwa: "Nabonyeza klika mpaka kidole kinauma, mbwa hana habari"

Safari hii meseji nyingi mlizotuma ni za klika, kile kidude kidogo cha plastiki ukikibonyeza kinalia tak. Naona wengi mmenunua na wengi mmekasirika. Zinazofanana tumeziunganisha, hizi hapa nne.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina mbwa wa miezi tisa, chotara wa jamani shepadi. Nikirudi kazini nikifungua geti tu ananirukia mpaka shati linajaa matope, na mtoto wa jirani alishamwangusha. Nikashauriwa ninunue klika. Nabonyeza akiruka ili aache, nabonyeza nikimwita, ye hata haangalii. Hii klika ni mbovu au mbwa wangu ndo mbishi? (Baba Simba, Mbezi)

JIBU: Baba Simba, klika ni nzima na mbwa hana ubishi wowote, ila hujamwambia ule mlio una maana gani kwake. Chukulia meseji ya muamala inavyoingia kwenye simu, we hufurahii ule mlio wenyewe, unafurahi kwa sababu unajua hela imeingia, na siku meseji zikiwa zinaingia ukicheki salio liko vilevile, baada ya muda hata simu huishiki. Huyo ndo mbwa wako sasa hivi.

Kwaiyo siku ya kwanza usifundishe kitu. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, katakata vipande vidogo kabisa, ukubwa wa punje ya mahindi, maana kwake cha maana ni amelipwa mara ngapi na sio kipande kikubwa kiasi gani. Kaa naye sehemu tulivu, bonyeza, mpe. Bonyeza, mpe. Vipande kumi na tano hivi vinatosha, muache apumzike, jioni rudia. Na hapa kuna kakitu kadogo watu wengi wanakosea: mlio uje kwanza ndo mkono uende mfukoni. Mkono ukianza safari kabla ya mlio mbwa anaangalia mkono tu, mlio unakuwa kelele kama kelele zingine za mtaani. Utajua kaelewa siku yuko bize ananusa ukuta huko, unabonyeza, shingo inageuka ghafla anakutazama.

Sasa kuruka. Ule mlio unamwambia "hapo hapo, hicho ulichofanya sasa hivi ndo nalipia". We ulikuwa unabonyeza akiwa hewani, yani ungekuwa unamlipia kuruka, bahati nzuri alikuwa hajaelewa bado. Afu kumfokea na kumsukuma kwa mikono nako hakusaidii, mbwa wa umri huo anaona baba karudi na mchezo umeanza.

Fanya hivi. Simama nje ya geti chakula kikiwa tayari, fungua kidogo. Akiruka, usiseme neno, geuka mpe mgongo au rudisha geti. Ile sekunde miguu yote minne iko chini, hata kama imetokea tu yenyewe, tak, na kipande ukidondoshe chini kabisa kati ya miguu yake ya mbele. Usimpe kwa mkono ulioinuka usawa wa kifua, hapo unamkaribisha aruke tena. Kabla hajamaliza kutafuna, kama bado yuko chini, bonyeza tena, dondosha tena. Unaingia hatua moja, unalipa, hatua nyingine, unalipa. Akishaweza hivyo ndo unakuja na mfuko mkononi, ndo analetwa mtoto akiwa ameshikwa na mtu mzima na mbwa akiwa kwenye kamba.

Kingine, siku za mwanzo ataruka kuliko zamani. Ni kawaida, njia iliyokuwa inafanya kazi imegoma, anaisukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha, na hapo ndo wengi wanachukua fimbo wanasema klika ni utapeli wa wazungu. Vumilia. Na uwaambie wote nyumbani, maana kama we unageuza mgongo afu dada wa kazi anampokea kwa kukumbatiana, umetwanga maji kwenye kinu.

Tabia ikishatulia klika unaiweka kabatini, hutembei nayo maisha yako yote. Ni ya kufundishia kitu kipya. Baada ya hapo neno zuri na kipande cha mara moja moja vinatosha.

SWALI: Mi wa Kimara. Mbwa wangu ni wa ulinzi, sio pambo. Hizi nyama nyama si namfundisha kula kwa kila mtu? Wezi wakija na nyama ya sumu itakuwaje? Marehemu mzee alifundisha mbwa kwa fimbo na walikuwa wakali, mtaa mzima ulijua.

JIBU: Ndugu yangu hofu yako ni ya kweli wala siidharau. Ila kula kwa mkono wako akiwa anafanya kazi hakumfundishi kula kila kinachorushwa ukutani, kinachomsukuma kwenye ile nyama ni njaa na kutofundishwa kuacha. Na kuacha kunafundishwa na klika hii hii. Weka kipande kwenye ngumi, funga. Atalamba, atakwangua, atabweka, we kimya. Pua ikitoka kwenye ngumi hata kwa nukta moja, tak, na umlipe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile alichokiacha hakipati kamwe, hiyo ndo siri yote. Ukiona ameshika ndo unaweka neno "acha", unahamia chini ya kiatu, kisha sakafuni wazi, kisha umuombe mtu ambaye mbwa hamjui arushe kwa juu ya ukuta na we uko pale pale unasubiri kumlipa.

Sikudanganyi, hakuna mafunzo ya kuzuia sumu asilimia mia. Kwaiyo mlishe vizuri kabla ya usiku, na taa na kufuli zifanye kazi yao pia.

Kuhusu mzee, tuwaheshimu wazee, ila mbwa anayechapwa anajifunza kuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu anauma yeyote aliye karibu, mara nyingi ni mtoto. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulika na tabia kule Marekani kilitoa msimamo kwamba mafunzo ya zawadi ndo yatumike kwa mbwa wote, hata wenye matatizo ya ukali. Na kama unadhani klika ni ya vimbwa vya kulala kwenye sofa, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mtindo huu huu, mlio halafu ndizi. Panya wao mmoja, Magawa, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu, wakati huo alishanusa mabomu ya ardhini 39. Hakuna aliyemchapa fimbo. Kazi gani ya ulinzi inaizidi hiyo?

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa, mimi ni Muislamu, nyumba yetu ina mbwa wa kulinda ua. Nataka afunzwe lakini sitaki mate yake mkononi, maana ni kuosha mara saba, moja kwa mchanga, nami naswali mara tano. Yawezekana?

JIBU: Waleikum salaam. Mambo ya hukumu muulize sheikh wako, mi si mtu wa fatwa. Ila kwa upande wa mafunzo, yawezekana tena vizuri sana, na kusema kweli klika inakufaa we kuliko hata hao wanaolambwa mikono. Kazi yake yote ni kumfikishia mnyama habari akiwa mbali na we. Karen Pryor alipokuwa anafundisha pomboo kule Hawaii miaka ya 60 alitumia filimbi kwa sababu hiyo hiyo, pomboo yuko hewani katikati ya mruko, samaki utampaje? Unapiga filimbi anajua kapatia, samaki anafuata.

We bonyeza, kisha rusha kipande sakafuni. Hamgusani kabisa. Chukua na fimbo ndefu, sio ya kuchapia, ncha yake ifunge kitambaa chekundu au tepu. Mbwa kwa udadisi ataisogelea anuse, pua ikigusa ncha, tak, rusha. Akishaizoea, ncha ndo usukani wako: unamwongoza atoke mlangoni, aingie bandani, apande juu ya gunia lake akae hapo mgeni anapopita. Hilo la gunia ningekushauri ulianze mapema, kila akiweka mguu juu ya gunia unalipa, kisha miguu miwili, kisha yote, kisha unasubiri akae kidogo ndo unalipa, na kipande kidondokee juu ya gunia lenyewe ili asione sababu ya kutoka. Mbwa anayejua gunia lake hana haja ya kukusugua kanzu ukielekea msikitini. Chakula ukitie kwenye kopo lenye kijiko cha mpini mrefu, na fimbo aisafishe mwenye kuvaa glavu.

SWALI: Mtaalamu, kitoto changu cha mbwa kikisikia klika kinakimbilia uvunguni. Halafu hakipendi maini, kinapenda zabibu kavu zile za kuweka kwenye keki, nampa hizo. Niendelee? (Mwanza)

JIBU: Mlio kwanza. Ifunge klika kwenye soksi nene au ibonyeze ukiwa umeificha mfukoni, na usibonyeze karibu na sikio lake. Ikishindikana tumia kalamu ya kubonyeza, mlio wake ni mdogo, ilimradi kila siku uwe ule ule.

Zabibu ziache leo. Zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na kwa mwili mdogo kama huo hata chache ni hatari. Chokoleti na kitunguu navyo usimpe. Na we uko Mwanza unahangaika na nini? Dagaa wa ziwani waliokaushwa bila chumvi, vunja vipande, harufu yake tu inamtoa uvunguni. Ila kama zabibu kazila leo au jana, usingojee mpaka atapike, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi na umwambie kala kiasi gani na saa ngapi.