Re: Nataka kufundisha CPR (kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama) darasani ila sina mdoli wa mazoezi, na wazazi wanasema watoto bado wadogo

Mwalimu, hapo kwenye umri usitishwe, WHO (Shirika la Afya Duniani) tangu 2015 inaunga mkono watoto kuanzia miaka 12 wafundishwe, masaa mawili kwa mwaka yanatosha. Walio chini ya hapo nguvu za kubonyeza kifua cha mtu mzima wengi hawana, ila kutambua mtu kazimia na hapumui vizuri, kupiga kelele za msaada na kupiga simu ya dharura wanaweza kabisa.

Mdoli sio lazima, tafuta mto mgumu au funga nguo kwenye begi, uweke chini sakafuni, mtoto apige magoti mikono imenyooka, abonyeze katikati ya kifua, kina cha sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika na aache kifua kirudi juu kila akibonyeza (hapa ndo wengi wanakosea, wanaegemea tu). Piga muziki wenye mapigo ya kasi hiyo uone watakavyochangamka.

Kitu kimoja nakusihi, wasijaribu kubonyezana wenyewe kwa wenyewe, mtu mwenye afya habonyezwi kifua, utavunja mbavu za mtoto wa watu!! Wanaweza kuigiziana kuita na kuangalia pumzi tu.

Mambo ya kupuliza pumzi, kumhudumia aliyezama majini na CPR ya watoto wadogo, mwachie nesi au mkufunzi wa huduma ya kwanza, mwalike hata mara moja akukague na wewe. Afu ulizia kabla kama kuna mwanafunzi kafiwa karibuni, asilazimishwe kukaa.