Utumbo Kutoboka: Kwa Nini Si Kila Mgonjwa Hupasuliwa kwa Matundu Madogo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu, kijana wa miaka 24, aliugua homa ya matumbo kwa karibu wiki tatu, kisha utumbo ukatoboka. Alipasuliwa akabaki na mshono mrefu unaopita kitovuni. Jirani yetu, aliyetobokewa na kidonda cha tumbo, alifanyiwa kwa matundu madogo akarudi nyumbani mapema. Je, mdogo wangu alinyimwa tiba bora?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Kwa maelezo yako, sioni kwamba alinyimwa kitu, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hutoboa mahali tofauti na kwa namna tofauti.

Kidonda cha tumbo kikitoboka, kwa kawaida tundu huwa moja, mara nyingi upande wa mbele wa mwanzo wa utumbo mwembamba, ambapo kamera hufika kwa urahisi. Daktari hujaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi, huingiza kamera karibu na kitovu na vifaa vyembamba pembeni, kisha hushona nyuzi chache na kuzikaza juu ya kipande cha utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo. Kuziba kwa utando huo, ambako daktari mpasuaji Roscoe Graham wa Toronto, Kanada, alikueleza mwaka 1937 katika upasuaji wa wazi, kulianza kufanywa kwa kamera kwenye miaka ya 1990. Wapo wanaotumia gundi ya fibrini (protini inayogandisha damu) badala ya nyuzi, na kazi huisha haraka zaidi, ila gundi hufaa tundu dogo tu. Mimi nauamini zaidi uzi.

Homa ya matumbo hutoboa mwisho wa utumbo mwembamba, wakati mwingine zaidi ya mahali pamoja, na kuta zinazozunguka tundu huwa laini kiasi kwamba uzi huzikata. Ni lazima utumbo wote ukaguliwe, pengine kipande kikatwe, na kinyesi na usaha vioshwe kila pembe. Utumbo ukiwa haujavimba sana, daktari anaweza kulitafuta tundu kwa kamera, akautoa utumbo kupitia mkato mfupi na kuushonea nje. Njia hiyo naipenda kuliko kushonea ndani, maana vidole huhisi udhaifu ambao kamera haiuoni. Mgonjwa akifika amechelewa, tumbo limejaa na presha imeshuka, hewa ya kamera huzidi kuupunguzia moyo damu inayorudi, hivyo mkato mrefu ndio salama.

Iko pia njia ya kubana tundu kwa klipu kutoka ndani ya utumbo bila kukata ngozi, lakini hiyo hufaa hasa tundu lililotokea wakati wa kipimo cha kamera cha utumbo mpana, likaonekana papo hapo utumbo ukiwa umesafishwa.

Mdogo wako asinyanyue mizigo mizito mpaka daktari wake amruhusu. Akipata homa, mshono ukitoa majimaji au uvimbe ukijitokeza anapokohoa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.