Ukijenga prosesa ndani ya FPGA, ipe mdomo kwanza

Wadogo zangu wanaosoma uhandisi hapa Kampala huniuliza waanzie wapi wakitaka kuendesha prosesa yao wenyewe ndani ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe. Huwa nawaambia: tafuta bodi ndogo kama Tang Nano 9K, chukua prosesa ya RISC-V (seti ya amri za prosesa iliyo wazi kwa wote) iliyokwisha kujaribiwa na wengi, mfano PicoRV32, na kabla ya mbwembwe nyingine zote iunganishe na UART (njia rahisi ya kutuma data biti moja baada ya nyingine) ikuandikie herufi kwenye laptopu.

Nasisitiza UART kwa sababu prosesa iliyokwama haisemi kitu. Taa isipowaka, huenda mapigo ya saa hayafiki, huenda riseti, ishara ya kuianzisha prosesa upya, imeshikiliwa (pini yake kwenye PicoRV32, resetn, ikibaki 0 prosesa haianzi kabisa), huenda programu haimo kwenye kumbukumbu, au umekosea namba ya pini. Na kwenye bodi hii taa sita zote huwaka pini ikiwa 0, kwa hiyo mgeni huchanganyikiwa upesi. Lakini ikitokea herufi "A" moja tu, mashaka hayo yote yameondoka kwa mpigo. Hata takataka zikitokea, furahi: prosesa inakimbia, kilichobaki ni hesabu. Kristali ya bodi ni MHz 27. Gawanya 27,000,000 kwa 115,200, kasi ya UART kwa biti kwa sekunde, upate kama 234: mapigo ya saa kwa kila biti. Ukinakili mfano wa bodi ya MHz 12 wenye 104, hutasoma neno.

Pini ya trap nayo iunganishe na taa mojawapo. Prosesa ikikuta amri isiyoijua, trap hupanda na kubaki juu, taa inazimika, nawe unajua papo hapo kwamba kosa liko kwenye programu au kumbukumbu.

Upande wa zana, Vivado, programu ya AMD ya kujengea usanifu wa FPGA zake, ni makumi ya gigabaiti, na bando zetu tunazijua. Hata hivyo, kwa bodi hii huihitaji: Yosys na nextpnr (za kugeuza usanifu wako kuwa saketi) na openFPGALoader (ya kuupakia kwenye bodi) ni za bure na nyepesi mno ukilinganisha. Ongeza Icarus Verilog ya kuiga saketi kwenye kompyuta na GTKWave ya kutazama mawimbi yake, kisha usiguse bodi mpaka uone kwenye simulesheni anwani za amri zikianza 0, 4, 8. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa usiku mzima.

Umeme nao usiusahau. openFPGALoader kwa kawaida huweka usanifu kwenye SRAM, kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika unafutika. Wakati wa majaribio SRAM inatosha, tena ni ya haraka. Siku ya kuonyesha kazi mbele ya mwalimu, ongeza -f kwenye amri ya openFPGALoader ili usanifu uingie kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika.

Herufi zikishatoka vizuri, andika programu ndogo ya kupokea programu zako za C, zikishakompailiwa, kupitia UART hiyo hiyo, usilazimike kujenga usanifu upya kila unapobadilisha mstari mmoja.