Mpigaji chipukizi au mkongwe? Maswali yenu kuhusu NFL

Tangu kambi za mazoezi zifunguliwe, wasomaji mmetuuliza sana kuhusu wapiga mateke wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, yaani wachezaji ambao kazi yao ni kupitisha mpira kwa mguu kati ya nguzo za goli. Tumeyajibu yale yaliyojirudia.

Kambini chipukizi wetu amefunga mateke mengi kuliko mkongwe. Kwa nini kocha bado anasita?

Kwa sababu jumla inadanganya. Yagawe mateke kwa umbali: chini ya yadi 40, kati ya 40 na 49, kisha 50 na kuendelea. Teke la yadi 25 karibu kila mpigaji wa kiwango hiki analifunga. Kazi hasa iko kwenye lile fungu la kati. Halafu uliza ni mwenzake gani aliyemrushia mpira nyuma na nani aliyeushika chini ili apige. Wagombea wawili wasipopiga na watu walewale, hujapima chochote. Tangu mpira urushwe hadi mguu uuguse zinatakiwa zipite kama sekunde 1.3. Ukichelewa zaidi, wapinzani wanaotokea pembeni wanafika. Ukiwahi mno, mpira hupigwa kabla haujatulia.

Tazama pia anakosea vipi. Mpigaji ambaye mipira yake yote iliyokosa imepita kulia ana kasoro moja, mara nyingi ya hatua zake au ya mguu anaosimamia, na inarekebishika. Anayekosa leo kulia, kesho kushoto, ndiye wa kuogopwa, awe na umri wowote. Na jaribio bora si lile la mateke 10 mfululizo: msimamishe pembeni dakika 40, mwite ghafla saa ya mchezo ikihesabu, apige moja tu. Mechi ndivyo ilivyo.

Takwimu zake za chuo zina thamani gani?

Nusu. Vyuoni, mistari inayoamua mpira uwekwe wapi imeachana futi 40; katika NFL ni futi 18 na inchi 6, sawasawa na upana wa goli. Kwa hiyo chuoni hupiga kutoka pembe kali zaidi, na kukosa kwake huko kusikutishe sana. Kinyume chake ni teke la pointi ya nyongeza, linalopigwa baada ya timu kufika na mpira eneo la kufungia: chuoni ni la yadi kama 20, lakini NFL tangu 2015 ni la yadi 33. Rekodi yake safi ya pointi hizo iweke kando. Angalia pia alichezea wapi. Aliyezoea uwanja wenye paa hajapimwa kwa upepo wa Chicago au Buffalo.

Je, ni busara kutumia nafasi ya juu ya drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, kwa mpigaji?

Kwa maoni yetu, hapana. Timu ya Tampa Bay ilimchukua mpigaji Roberto Aguayo mwaka 2016 katika raundi ya 2, akiwa wa 59. Alifunga mateke 22 kati ya 31, na Agosti 2017 akaachwa. Nafasi yake akapewa mkongwe Nick Folk, ambaye naye aliondoka Oktoba baada ya kufunga 6 kati ya 11. Ukongwe haukuwaokoa.

Lakini kesi inayotuuma zaidi ni ya timu ya Minnesota, 2018. Walimwacha mkongwe Kai Forbath, wakampa kazi Daniel Carlson wa raundi ya 5. Mechi ya pili tu, dhidi ya Green Bay, akakosa mateke 3, mechi ikaisha 29-29, naye akafukuzwa. Oakland walimchukua msimu huohuo, akawafungia 16 kati ya 17. Mkongwe aliyemrithi Minnesota, Dan Bailey, alifunga 21 kati ya 28. Kumchagua Carlson halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumkatia tamaa baada ya mechi 2.

Haiwezekani kuwaweka wote wawili?

Si kirahisi. Kikosi ni cha watu 53 na mpigaji hupewa nafasi moja. Chipukizi anaweza kupelekwa kikosi cha mazoezi, lakini lazima kwanza aachwe, na hapo timu yoyote inaweza kumnyakua.

Na fedha?

Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000 kwa mchezaji wa msimu wa kwanza, na 1,255,000 kwa mwenye misimu 7 au zaidi. Tofauti hiyo isiamue.

Mguu wa mkongwe huchoka lini?

Hakuna umri maalumu. Adam Vinatieri alicheza misimu 24, hadi 2019 akiwa na miaka 46, ingawa mwaka huo alifunga 17 tu kati ya 25. Kwa kawaida masafa hupungua kabla ya shabaha, kwa hiyo ukiona mateke yake ya yadi 50 yanashuka karibu na mwamba wa goli, anza kutafuta mrithi.

Teke la kuanzisha mchezo nalo limebadilika. Tangu 2024 mpira unatakiwa uangukie kati ya mstari wa goli na yadi ya 20. Ukiruka moja kwa moja hadi eneo la kufungia, lililo nyuma ya mstari huo, mwaka 2024 wapinzani walianzia yadi yao ya 30, na tangu 2025, ya 35. Mguu wenye nguvu tupu umepungua thamani. Kambini, mwekee kila mgombea alama pembeni mwa yadi ya 5, uone nani anaifikia mara kwa mara.